Mti Utafutwe Chini ya Herufi Gani? Jinsi Kamusi ya Kiluyia Ilivyopangwa

Mumias mti huitwa omusala. Kwa Wabukusu wa Bungoma ni kumusala, na ukishuka Vihiga, kwa Wamaragoli, ni musala. Shina ni lile lile, -sala. Mtunzi wa kamusi anayeketi Kakamega, katikati ya hawa wote, aliweke neno hilo chini ya O, ya K au ya M? Huenda swali hili likaonekana la ukarani tu. Nadhani limeitesa kamusi ya Kiluyia kuliko uhaba wa fedha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati Kakamega ilikuwa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo, kasisi Mwanglikana W. E. Owen na wenzake waliunda kamati ya kusanifisha Kiluyia. Kazi ya lugha yenyewe ilimwangukia Lee Appleby, mmisionari wa Church Missionary Society. Mwaka 1943 kitabu chake cha maneno ya Kiluyia kwa Kiingereza kilitolewa Maseno, na mwaka 1947 kikafuata cha sarufi. Aliegemea lahaja za katikati, kama Kiwanga na Kimarama. Huo ni uamuzi wa kitaalamu unaoeleweka, kwa sababu lahaja ya katikati haiwi ngeni kabisa kwa yeyote. Lakini Waquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902, na kufikia 1925 Emory Rees alikuwa amekamilisha Agano Jipya kwa Kimaragoli. Mmaragoli alikuwa amezoea kusoma vandu, na sasa akaletewa abandu. Alizoea ku- mbele ya kitenzi, akaletewa okhu-. Watu waliokwisha kujiona kitabuni hawakuwa tayari kujisahihisha kwa kalamu ya jirani. Kimaragoli kiliendelea na njia yake, na Biblia yake kamili ilitoka 1951, miaka mingi kabla ya ile ya Kiluyia.

Appleby alikiita kitabu chake “vocabulary”, hakukiita “dictionary”. Neno la kwanza linatokana na Kilatini vocare, kuita: ni orodha ya majina ya vitu. La pili linatokana na dictio, usemi. John wa Garland alilitumia mnamo 1225 kwa kijitabu cha wanafunzi wa Kilatini mjini Paris, kilichopanga maneno kwa mada, wala si kwa alfabeti. Karne zilivyopita, “dictionary” likapata uzito wa hakimu, kitabu kinachoamua lipi ni neno na lipi si neno. Kitabu cha 1943 kilikuwa na jina la unyenyekevu, lakini kilitwikwa kazi ya hakimu, kwa kuwa kamati ilikuwa inatafuta usanifu.

Neno letu kamusi lina funzo zaidi kwa jambo hili. Limetoka katika al-Qamus al-Muhit, kamusi ya Kiarabu ya Fairuzabadi aliyefariki 1415, na qamus maana yake ni bahari kuu. Maneno humo yamepangwa kwa konsonanti ya mwisho ya mzizi. Msomaji asiyejua kuuvua mzizi kutoka kwenye neno hafiki popote. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ya 1939 nayo ilidai ujuzi wa namna hiyo, kwani msomaji alitafutwa chini ya soma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ikageuza mpango, na nomino zikaingia kwa herufi ya kwanza, hata kurasa za M zikafura.

Kiluyia hakiwezi kuiga mpango huo wa pili bila kuumia. Katika Kiwanga nomino nyingi huanza na irabu ya mwanzo: omundu, abandu, eshindu. Vitenzi, vikiandikwa kwa umbo la kutaja tu, vyote huanza na okhu-. Herufi O ingebeba nusu ya kitabu. Tena Mbukusu angekuta lugha yake haimo, ilhali shina lake limo katika kila ukurasa.

Mpango wa shina una ugumu wake pia. Hadithi moja ni olukano, nyingi ni tsingano. K imegeuka g baada ya sauti ya puani. Mtoto aliyesikia tsingano kwa nyanya yake hatakisia kwamba atafute K. Dawa yake ni ya kazi tu, si ya nadharia: sehemu kuu ipangwe kwa mashina, kila kidahizo kibebe maumbo ya lahaja bila kulitangaza lolote kuwa sahihi zaidi, na nyuma ya kitabu pawe na faharasa ya maneno mazima, tsingano imrudishe msomaji kwenye -kano.

Data za kuanzia kazi hiyo zipo: mradi wa Kencorpus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Maseno, ulikusanya data za Kimarachi, Kimaragoli na Kibukusu, kila lahaja ikiwa imetajwa kwa jina lake. Huo ndio msingi ambao kamati ya Owen haikuwa nao. Toni bado ni deni. Tasnifu ya Michael Marlo ya 2007 kuhusu toni za vitenzi vya Kimarachi na Kinyala peke yake inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo, na tahajia ya kawaida haiandiki toni hata moja. Wahariri watakaoketi Kakamega kuitunga kamusi hiyo waamue kabla ya kidahizo cha kwanza kwamba toni itaalamishwa, maana kurudi nyuma kuiongeza katika kitabu kizima ni kukitunga upya.