Farasi Kwenye Kona

Nikipangiwa kete nyeusi kwenye sataranji sinung'uniki. Wengine huona mkosi, maana mweupe ndiye anayeanza. Mimi ndipo damu inaponichemka, kwa kuwa najua nitacheza Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme.

Mwanzo wake humtia mtu shaka. Askari weupe wanateka katikati ya ubao nawe unawaachia. Farasi wako anatoka, askofu anajibanza g7, mfalme anajificha kando na ngome yake. Kisha unampeleka askari e5. Mweupe akimsukuma wake hadi d5, katikati panazibika, na hapo kila mmoja anashika njia yake: yeye upande wa malkia, wewe upande aliko mfalme wake. Zinakuwa mbio. Mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kufika, lakini anachokikuta huko ni ngome au askari. Wewe ukifika, unamkuta mfalme.

Jina la Kihindi lina asili yake. Katikati ya karne ya 19, mjini Calcutta, Moheschunder Bannerjee alikuwa akicheza na Mskoti John Cochrane. Bannerjee alikulia katika sataranji ya Kihindi, ambayo askari wake hawaruki miraba miwili, hivyo alizoea kuanza taratibu na kuwaweka maaskofu pembeni. Karibu miaka 100 baadaye Wasovieti David Bronstein na Isaac Boleslavsky waliuonyesha ulimwengu kwamba ndani ya utaratibu huo kuna moto.

Moto wenyewe niliuona katika mchezo wa Tilburg, Uholanzi, mwaka 1989, Jeroen Piket akiwa na nyeupe na Garry Kasparov nyeusi. Farasi wa Piket anaingia c7 na kuitishia ngome ya a8. Mtu yeyote angeihamisha. Kasparov anamsukuma askari wake hadi g3. Ngome inaliwa, naye anamsogeza farasi h5, kana kwamba hakuna kilichopotea. Moyo huo siupati katika ulinzi mwingine wowote.

Halafu inakuja hatua ya 28. Tangu utotoni tunafundishwa kwamba farasi aliye pembeni ni nusu farasi, na aliye kwenye kona ni mfungwa. Kasparov anamtoa wake, aliyekwishafika g3, na kumweka h1, kwenye kona kabisa, ubavuni mwa mfalme mweupe. Ngome nyeupe ya f2 haiwezi kusogea, kwani malkia mweusi anaitazama kwa mshazari kutoka a7 na mfalme yuko nyuma yake. Mfalme akimla farasi, malkia anaila ngome. Piket akasalimu amri.

Mchezo huo nimeupanga upya mezani kwangu usiku mwingi. Hatua nyingine huzipitisha haraka. Nikifika hiyo ya mwisho namshika farasi kwanza, namzungusha kidogo vidoleni, ndipo namtua h1.