Tupa na Kitasa

Ukinunua nyumba Lavington, Kileleshwa au kule Uthiru, sheria haikuachi njiani. Wakili anachunguza sajili, unalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ya nyumba, na tangu Aprili 2021 mengi ya hayo yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, mbali na foleni za Ardhi House. Mwishowe unakabidhiwa hati na kitita cha funguo. Hati ina jina lako. Funguo hazina jina la mtu. Nani anajua nakala zake zilichongwa mara ngapi: ya mtunza bustani, ya mpangaji aliyehama usiku, ya shemeji wa muuzaji aliyekuja kukaa wiki moja akakaa mwaka? Kwa hilo hakuna ofisi ya serikali. Kuna fundi wa vitasa, na kazi yake naiona kuwa miongoni mwa kazi nadhifu kabisa zinazofanywa Nairobi.

Wengi wakishapata nyumba hukimbilia maduka ya Kirinyaga Road au River Road kununua vitasa vipya vya kila mlango. Fundi anayejiheshimu hukuzuia kwanza, atazame kilichopo. Penye silinda, anafungua skurubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, anazungusha ufunguo kidogo mpaka ulimi wa silinda ulale sawa na mwili wake, kisha anaichomoa. Ndani mna pini ndogo za shaba, kila moja na springi yake. Ufunguo wa haki huziinua zote mpaka kwenye mstari mmoja, na hapo tu ndipo silinda huzunguka. Wamisri wa kale walifunga milango kwa wazo hilohilo, kwa vipande vya mti, na Linus Yale Mdogo akalipatia hataza Marekani mwaka 1861 kwa umbo tunalolijua. Fundi anazimwaga pini juu ya kitambaa, anazipanga upya kulingana na ufunguo mpya, anazirudisha moja moja bila kuruhusu springi iruke. Mlango ni uleule, kitasa ni kilekile, rangi haikukwaruzwa. Funguo zote za zamani, popote zilipo mjini, zimekufa.

Vile vitasa vya leva 3 vilivyojaa kwenye milango ya mbao ya vyumba vyetu ni habari nyingine. Michongo ya funguo zake ni michache, na ufunguo wa jirani waweza kukufungulia bila jirani mwenyewe kujua. Hapo fundi mkweli atakwambia ununue cha leva 5 kwa mlango wa nje, na vya ndani uviache vilivyo.

Lakini ustadi wenyewe huonekana pale ufunguo umepotea kabisa. Fundi anashika ufunguo usiochongwa, anausugua ung'ae, anauingiza, anauzungusha kwa nguvu ya kadiri, anauchomoa na kuuelekeza juani. Pini iliyobana imeacha alama hafifu. Anapitisha tupa mara moja au mbili, anaurudisha, anatazama tena. Alama ikitoweka, pini hiyo imefika mahali pake, anahamia nyingine. Hana mchoro wala kipimo, ana jicho na kiganja. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliwafedhehesha Waingereza mjini London kwa kufungua kufuli ya Chubb, kisha ile ya Bramah iliyokuwa imekaa miaka zaidi ya 50 dirishani Piccadilly na ahadi ya guinea 200 kwa atakayeiweza. Hiyo ya pili ilimchukua saa 51. Magazeti yalimjadili. Fundi aliyeketi kwenye kibanda chini ya ubao uliochorwa ufunguo mkubwa, huku matatu zikimpigia honi, anategemea hisia hiyohiyo ya vidole na hakuna anayempiga picha. Angetaka kuwa mwizi asingehitaji mtaimbo wala nyundo.

Aliye makini haishii kwenye kitasa. Anapapasa fremu. Kama pleti inayopokea ulimi imeshikwa na skurubu za nusu inchi, teke moja litaing'oa pamoja na leva zako 5, kwa hiyo anaweka za inchi 3 zinazofika kwenye jiwe. Anahakikisha silinda haikuchomoza nje, maana ikichomoza hushikwa kwa koleo ikavunjwa. Anaingiza mkono kwenye lile tundu la geti kujua kama kufuli ya ndani inafikiwa na mkono wa mtu mwingine pia.

Kisha huja malipo, na hapa ndipo wenye nyumba hunikera. Mtu aliyetoa mamilioni bila kumwuliza wakili ametumia saa ngapi humkata fundi mia mbili kwa kuwa kazi imekwisha upesi. Fundi mwingine, aliyegonga patasi nusu ya siku akauacha mlango na vidonda, alilipwa bila maneno na akapewa chai.