Tanzia ya Macbeth: Kutoka Tafsiri ya Mushi hadi Filamu ya Kurosawa

Uhakiki wa tafsiri za Shakespeare katika Kiswahili umetawaliwa na swali la uaminifu: je, mfasiri ameyatendea haki maneno ya mtunzi? Swali hilo linaifaa Makbeth ya S. S. Mushi, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1968, kama linavyozifaa tafsiri za Julius Nyerere. Makala haya yanadai kwamba tanzia inapohamia utamaduni mwingine, uaminifu wa maneno pekee hautoshi.

Ushahidi unatoka Japani. Katika filamu yake ya mwaka 1957, Kumonosu-jō, Akira Kurosawa aliihamishia Macbeth katika Japani ya vita vya makabaila bila kubakiza mashairi ya Shakespeare. Wachawi watatu wamekuwa pepo mmoja anayesokota uzi msituni. Asaji, mke wa Washizu, anatembea na kunyamaza kwa kanuni za jukwaa la Noh, uso wake mithili ya kinyago.

Badiliko zito zaidi limo katika hatima. Kwa Shakespeare, Macbeth anauawa na Macduff, mwenye kisasi cha haki, kisha mrithi halali anatwaa kiti. Kurosawa hana Macduff. Washizu anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Isitoshe, bwana aliyeuawa na Washizu naye alikuwa amemuua bwana wake. Dhuluma basi si dosari ya mtu mmoja, bali ni mazoea ya utawala wenyewe.

Yaweza kupingwa kwamba Macbeth bila ushairi wake si Macbeth tena. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayoipa kazi ya Mushi thamani yake: ilionyesha kuwa Kiswahili chaweza kuibeba lugha nzito ya tanzia. Hata hivyo, kwa kuwa ni tafsiri, kasri na msitu wake vimebaki vya Uskoti.

Tofauti hiyo hudhihirika tanzia hii inapofikiriwa kwa mtazamaji wa Dagoretti Corner, jijini Nairobi. Katika filamu, maadui wanapokata miti usiku, ndege wanaukimbia msitu na kuvamia ukumbi wa Washizu. Barabara ya Ngong ipitayo Dagoretti Corner ina msitu wake, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliutaja miongoni mwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Hapa si msitu unaomwendea mtawala kumhukumu. Ni wenye mamlaka wanaouendea msitu kuugawana. Mtunzi atakayeigeuza taswira ya Shakespeare hivyo atakuwa ameyaacha maneno yake, lakini atakuwa ameishika hoja yake: kwamba kiti kilichopatikana kwa dhuluma hakimtoshelezi mwenyewe.

Kiswahili kimekwisha kuthibitisha kwamba chaweza kumfasiri Shakespeare. Kazi iliyosalia ni kuthubutu kumwandika upya.