Mpima Asiyeamini Haraka

Dalali atakuonyesha bikoni, ile alama ya kona ya kiwanja, kabla hajakuonyesha karatasi yoyote. Atasimama juu yake, atanyoosha mkono kuelekea mwembe wa jirani na kukuambia kiwanja ni ishirini kwa thelathini, kimepimwa, wahi kabla hakijachukuliwa. Hapo bado hujajua kitu. Huenda kilichopo ni mchoro wa mipango miji tu, unaoonyesha eneo linavyokusudiwa kugawanywa bila kuthibitisha kona ya mtu yeyote iko wapi ardhini. Huenda bikoni zimepandwa lakini ramani ya upimaji haijapelekwa kuidhinishwa, au ilipelekwa ikarudishwa kwa dosari. Kwa Tanzania Bara, upimaji umekamilika pale ramani inapoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani katika Wizara ya Ardhi na kusajiliwa kwa namba yake. Iombe namba hiyo kabla ya kuuliza bei. Mwenye kazi safi huitaja mara moja. Ukijibiwa kwamba "mambo yako kwenye mchakato", elewa kwamba unauziwa mchakato.

Wanunuzi wengi hulipia upimaji usiowafaa. Ikiwa kiwanja kina ramani iliyoidhinishwa, huhitaji kupimiwa upya. Unahitaji ufufuaji wa mipaka, yaani mpima achukue ramani ile ile aende kuthibitisha kila kona ilipo leo. Ikiwa unakatiwa kipande cha kiwanja kikubwa, ufufuaji hautoshi. Hiyo ni kazi ya kugawa kiwanja, inayohitaji kibali na ramani mpya, na vigingi vinne alivyochomeka muuzaji kwa futi kamba havina uzito wowote. Ukinunua nyumba iliyokwisha kujengwa, mwambie mpima achukue pia kuta, uzio, karo la choo na njia ya gari, aviweke vyote kwenye mchoro mmoja na mipaka. Karo lililovuka mpaka kwa mita moja litakugombanisha na jirani kwa miaka. Na bondeni, kabla ya jambo lingine lolote, taka upimaji wa mwinuko: mchoro wa kontua utakaokuonyesha maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Watu wa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, wanajua gharama ya kununua bila kuliuliza hilo.

Ripoti ya mthamini ni kitu kingine kabisa. Benki humtuma ili ijue nyumba itarudisha mkopo au la. Hakutumwa kutafuta kona zako, wala kukukagulia nyufa.

Ubora wa mpima huonekana tangu dakika za kwanza, na huonekana katika mambo anayokataa kuyaamini. Mpima hafifu huenda moja kwa moja pale anapoonyeshwa na muuzaji, anaweka kifaa, anasoma, anaandika, anaondoka. Mzuri huanza mbali na kiwanja chako. Hutafuta alama za rejea zenye viwianishi vinavyojulikana, yaani namba za mahali zilipo, hupima kutoka moja hadi nyingine ili ajue kama zinakubaliana, ndipo anaposogea. Akifika hupima bikoni za majirani pia, hata kama wewe unaona anapoteza muda ulioulipia. Kona yako pekee haiwezi kujisema kama imehamishwa. Ikilinganishwa na za jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, itajisema. Akikosa bikoni, huomba jembe na kuchimba pale hesabu inapomwelekeza. Bikoni ya zamani iliyofukiwa na udongo, ikikutwa mahali pake haijaguswa, ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya wazee kumi, na mpima anayejua kazi hafurahii chochote kama kuigonga kwa ncha ya jembe.

Majirani nao huitwa wakati wa kazi, pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji akitaka upimaji ufanyike kimya kimya siku za kazi, watu wasipokuwepo, ana sababu yake.

Iangalie pia bikoni yenyewe. Bikoni ya kawaida ni chuma kilichosimikwa katika zege, na namba imeandikwa juu. Namba hiyo lazima iwepo kwenye ramani, kwenye kona hiyo hiyo. Zege likiwa jipya ilhali ramani ni ya miaka ishirini iliyopita, uliza nani aliipanda upya, na kwa kibali gani. Udongo uliolegea pembeni, zege lililolala upande, au chuma kilichochomekwa bila zege ni dalili za bikoni iliyotembea. Zinatembea kweli, hasa usiku.

Simu haitoshi. GPS ya simu kwenye uwazi inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 hizo ni sebule nzima. Vifaa vya wapima vya RTK, kimoja kikiwa kimesimama kwenye alama inayojulikana na kingine kikitembea, husoma kwa sentimita. Lakini kifaa ghali hakimfanyi mtu kuwa fundi, kwani ukikisimamisha kwenye alama isiyo sahihi kitakupa kosa safi, lenye tarakimu nyingi baada ya nukta.

Kuna mtego mmoja ambao umewatisha wanunuzi wengi bure, na wengine ukawaliza kwa haki. Ramani nyingi za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na ramani za intaneti hutumia WGS84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwa mwingine, kiwanja kinahama mamia ya mita. Cha ufukweni Kigamboni kinaweza kuangukia baharini. Hakuna aliyekuibia hapo. Ila mpima asiyeweza kukuambia ametumia mfumo gani, au anayekasirika ukimuuliza, mlipe nauli mwachane.

Ramani yenyewe unaweza kuipima mezani kwa kikokotoo cha simu. Chukua viwianishi vya kona mbili. Tofauti ya mashariki ikiwa mita 16 na ya kaskazini mita 12, upande huo lazima uwe mita 20, kwa kanuni ya Pythagoras tuliyoikimbia shuleni. Rudia pande zote, kisha nenda na futi kamba kiwanjani. Usisahau kupima kutoka kona hadi kona, kukatiza katikati. Kiwanja cha mstatili cha 20 kwa 30 lazima kitoe mita 36 na sentimita 6 kwa njia zote mbili. Pande zikiwa sawa lakini moja ya njia hizo ikawa fupi, umbo limelala, na mita za mraba unazolipia hazipo. Dalali anayehesabu kwa hatua zake hawezi kuliona hilo, au analiona vizuri sana.

Kenya hali ni tofauti, na Mkenya asome kwa tahadhari. Huko mashamba mengi yameandikishwa kwa mipaka ya jumla, na ramani za fahirisi zilizotokana na picha za angani huonyesha tu kwamba shamba lipo na linapakana na nani. Kuweka rula juu yake ili ujue upana wa shamba ni kujidanganya. Huko mpima mzuri husoma ua kwanza, kisha karatasi.

Upimaji safi bado unaweza kukuangusha kiwanja kikiwa mahali pabaya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017 kwa madai ya kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo mwagize mpima achore mistari ya hifadhi hizo juu ya mchoro wako, si kukutajia kwa mdomo.

Upimaji haumthibitishi mwenye mali. Hiyo ni kazi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, na ufanywe sambamba. Kwa mpima, taka mchoro wenye sahihi, jina na namba yake ya usajili, orodha ya viwianishi vya kila kona, picha ya kila bikoni ikionyesha namba, na sentensi chache zinazosema nini hakikukutwa. Ukipewa ripoti inayodai kila kitu kimekutwa sawa sawa, katika mtaa ulioanza kujengwa kabla ya kupimwa, mrudishe akachimbe tena kabla hujamlipa nusu iliyobaki.