Wauaji Hawajulikani, Imani Yao Yajulikana

Kwa miaka mingi magazeti yametuandikia habari ile ile ya huku kwetu Usukumani: kikongwe mwenye macho mekundu kakatwa mapanga usiku na “watu wasiojulikana”, kwa imani za kishirikina. Ajabu iliyoje! Wauaji hawajulikani, lakini imani yao yajulikana barabara.

Wekundu wa macho ni moshi wa kuni na samadi kavu, maisha mazima jikoni. Mwandishi haulizi habari za moshi, wala haulizi nani anakodolea macho shamba la marehemu.

Popobawa aliyetisha Pemba na Unguja mwaka 1995 alisemwa ni jini. Asiyemkamata ana udhuru. Wa kwetu hushika panga, na panga lina mwenyewe.