Kumsikiliza Mkimbizi: Ni Mkimbizi Yupi?

Walimu wa universite hupenda kutoa mafundisho juu ya wakimbizi. Wanahesabu waliovuka mpaka, wanachunguza siasa za wakubwa, tena wanashindana juu ya mapatano ya Geneva ya mwaka 1951. Mara nyingi mkimbizi mwenyewe hana kiti katika chumba kile.

Kwa hiyo twamsifu Bibi Barbara Harrell-Bond, aliyeanzisha masomo ya wakimbizi huko Oxford mwaka 1982. Hakufundisha mambo ya kusikia tu. Alikwenda Sudani ya kusini, upande wa Yei, kati ya watu wa Uganda waliokimbia inchi yao baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979. Aliona kwamba wengi walikaa nje ya kambi, kati ya wenyeji, wakijitafutia riziki. Lakini wenye kugawa misaada waliwatendea wakimbizi kama watoto wasiojua haja zao. Aliyaandika hayo katika kitabu Imposing Aid, mwaka 1986. Fundisho lake ndilo hili: mwulizeni mkimbizi mwenyewe.

Fundisho hilo ni la haki. Walakini lina pungufu, nasi watu wa Kongo twalijua kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1994, Wanyarwanda mamia ya maelfu waliingia Goma kwa siku chache. Wengi hawakuwa na hatia, watoto hasa. Wenye misaada waliwaendea wakuu wa kambi, wakawaachia hata kazi ya kugawa chakula. Kumbe, kati ya wakuu hao walikuwamo walioongoza mauaji ya Watutsi! Aliyetaka kurudi kwao alitishwa. Je, sauti ya wakimbizi ilikuwa ya nani pale?

Basi, kosa si kumsikiliza mkimbizi. Kosa ni kudhani kwamba wakimbizi wote wana kinywa kimoja. Katika kambi yumo mwenye nguvu, yumo mjane, yumo yatima. Anayesema kwanza si yule mwenye njaa kupita wengine.

Nasi tusijione wema. Wakimbizi wakifika parokiani, twamtafuta msemaji wao, twampa magunia, twarudi nyumbani na moyo mtulivu. Yozefu alipokimbilia Misri usiku, pamoja na Mtoto na Mama yake, hakuwa mkuu wa kambi. Twende mpaka kibanda cha mwisho, tuulize pale.