Hukumu ya Mashabiki: Santuri ya Paranoid na Swali la Nani Mhakiki

Liko swali ambalo kila mwalimu wa siasa hukutana nalo anapoanza kuzungumzia sanaa. Je, wingi wa watu wanaoipenda kazi fulani ni ushahidi kwamba kazi hiyo ni nzuri? Wapo wanaojibu upesi kuwa ndiyo, kwa kuwa umma haukosei. Wapo wanaojibu upesi kuwa hapana, kwa kuwa umma hulishwa kasumba na wenye mali. Majibu yote mawili ni ya kivivu. Yanamwondolea mhakiki kazi yake, nayo ni kuuliza: watu hao ni akina nani, wanapenda nini hasa katika kazi hiyo, na mapenzi yao yamezaliwa na hali gani ya maisha?

Makala haya yanalipima swali hilo kwa mfano mmoja, yaani santuri ya Paranoid ya kundi la Black Sabbath la Uingereza, iliyotolewa Septemba 1970. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, hapa hukumu ya wahakiki na hukumu ya mashabiki zilipingana waziwazi tangu mwanzo, na kwa kuwa zaidi ya miaka 50 imepita, tunaweza kuona ni nani aliyeona mbali. Pili, ni kwa ajili ya kujikosoa. Mimi mwenyewe nilipousikia muziki huu kwa mara ya kwanza niliuita kelele za vijana wa Ulaya walioshiba, na nikasema hivyo mbele ya darasa. Sikuwa nimeuliza vijana hao walikuwa wakila nini.

Vijana wa Aston

Black Sabbath walikuwa vijana wanne: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi mpiga gitaa, Geezer Butler mpiga gitaa la besi na mtunzi mkuu wa maneno, na Bill Ward mpiga ngoma. Wote walizaliwa mwaka 1948 na 1949, wakakulia Aston, mtaa wa wafanyakazi katika jiji la Birmingham. Jiji hilo liliishi kwa viwanda vya chuma na magari, na lilikuwa limepigwa mabomu vibaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watoto wa kizazi hicho walicheza katika magofu ya vita ambayo hawakuiona, huku wakingojea kuingia katika viwanda ambavyo hawakuvichagua. Osbourne aliacha shule akiwa na miaka 15. Alifanya kazi machinjioni na katika kiwanda cha honi za magari, kisha akafungwa jela kwa wizi wa kuvunja nyumba.

Habari za Iommi zina maana zaidi kwetu. Alipokuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, aliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza chuma kuziba nafasi ya mwenzake ambaye hakufika. Mashine ikakata ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyeendelea kupiga baada ya moto kumharibia vidole viwili. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba. Miaka michache baadaye, hasa katika santuri ya tatu ya mwaka 1971, alizilegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikazidi kuwa nzito.

Haifai kutia chumvi. Kiwanda peke yake hakikuzaa muziki huu. Vijana hawa walianza kwa kupiga bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, ambao nao ulitoka katika jasho na manyanyaso. Hata hivyo ni kweli kwamba uzito ule ambao wahakiki waliuona kuwa ni ukosefu wa ufundi ulikuwa na mizizi katika ajali ya kazini. Mkono uliojeruhiwa na mashine ulitafuta njia yake ya kusema, nao ukasema kwa sauti iliyofanana na mashine.

Wahakiki na umma

Wahakiki wengi wa magazeti ya London na New York waliwapokea vijana hawa kwa dharau. Robert Christgau, mhakiki mashuhuri wa Marekani, aliipa Paranoid alama ya C-, ambayo kwa mwanafunzi ni karibu na kushindwa. Muziki wao uliitwa wa kijinga, wa kurudiarudia, wa kutisha watoto.

Mashabiki nao walijibu kwa vitendo. Santuri ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi Oktoba 1970, na wimbo wenye jina hilohilo ukafika nafasi ya nne. Marekani, ilikotolewa mwaka 1971, ilifika nafasi ya 12, na kwa miaka iliyofuata nakala zaidi ya milioni 4 ziliuzwa nchini humo. Kisha mwaka 2017 jarida la Rolling Stone, ambalo kurasa zake ziliwahi kulibeza kundi hili, liliiweka Paranoid ya kwanza katika orodha ya santuri 100 bora za muziki wa metali. Wasomi walichukua karibu nusu karne kufika mahali ambapo vijana wa viwandani walifika kwa wiki chache.

Je, hii inatosha kusema kwamba mashabiki walikuwa sahihi? Bado. Mauzo ni hesabu ya soko, na soko huuza hata sumu. Ni lazima tuingie ndani ya santuri yenyewe.

Santuri inasema nini

Paranoid ina nyimbo nane, zilizorekodiwa London kwa siku chache katikati ya mwaka 1970 chini ya mtayarishaji Rodger Bain. War Pigs, wimbo wa kwanza, unawashtaki majemadari na wanasiasa wanaopanga vita wakiwa salama, huku wakiwatuma maskini kufa. Electric Funeral ni picha ya dunia baada ya bomu la nyuklia. Hand of Doom unamhusu mtu aliyetekwa na heroini, na chanzo chake ni askari wa Kimarekani waliorudi kutoka Vietnam na uraibu huo. Iron Man ni kisa cha mtu aliyeyaona maangamizi yajayo, akageuka chuma, watu wakampuuza, naye akalipiza kisasi. Na Paranoid, wimbo mfupi kuliko zote zenye maneno, ni kilio cha mtu aliyezongwa na huzuni asiyoweza kuieleza.

Uingereza haikupeleka jeshi lake kupigana Vietnam, na wito wa lazima wa kuwaingiza vijana jeshini ulikuwa umekoma mwaka 1960. Kwa nini basi vijana wa Birmingham waimbe habari za vita hiyo? Kwa sababu walitambua sura ya jambo lenyewe. Walijua ni watoto wa nani wanaoitwa kwanza vita inapokuja. Hapakuwa na chama kilichowafundisha hayo. Waliyajua kama mtoto wa mvuvi anavyoijua bahari.

Jina lililobadilishwa

Santuri hii ilikusudiwa kuitwa War Pigs. Ushahidi uko kwenye jalada lake: mtu mwenye upanga na ngao anaruka kutoka gizani. Jalada lilitengenezwa kwa jina la zamani, jina likabadilishwa, picha ikabaki. Hata leo shabiki mpya huuliza upanga ule una uhusiano gani na ugonjwa wa akili.

Yako maelezo mawili ya mabadiliko hayo. Moja linasema kampuni iliogopa kuwaudhi Wamarekani waliounga mkono vita ya Vietnam. Jingine, ambalo Osbourne mwenyewe alilishikilia, linasema wimbo wa Paranoid ulikuwa umeshapanda chati, na kampuni ikataka jina linalouzika. Mashabiki wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi. Kwangu mimi maelezo yote mawili yanaishia kwenye mlango mmoja. Iwe ni kwa hofu au kwa tamaa, aliyeamua ni soko. Vertigo, iliyotoa santuri, ilikuwa tawi la kampuni ya Philips, na kampuni ya namna hiyo haina ugomvi na wimbo wa kupinga vita mradi unauzika. Inaweza kuuacha wimbo wenyewe mahali pake ikauondoa kwenye jina tu. Ndivyo ubepari unavyoshughulika na upinzani mara nyingi: haunyamazishi kila sauti, ila hubadilisha kibandiko.

Na hapa mashabiki nao wana sehemu yao. Wimbo uliotoa jina jipya ulitungwa kwa dakika chache tu kwa sababu santuri ilikuwa na pengo la kujaza, na neno Paranoid halimo hata katika maneno yake. Kampuni iliona mashabiki wanakimbilia wapi, ikawafuata. Hatuwezi kuwasifu mashabiki kwa santuri nzima kisha tukasahau kwamba chaguo lao wenyewe lilitumiwa kulifunika jambo zito zaidi lililokuwemo.

Hata hivyo tusiudharau wimbo huo. Mwaka 1970 kijana wa kiume wa tabaka la wafanyakazi hakuruhusiwa kusema kwamba akili yake inaumwa. Alitakiwa anywe, apigane, aende kazini. Waliokimbilia wimbo huo waliusikia ukiyataja maradhi yao kabla hawajapata jina la kuyaita.

Kauli za mashabiki

Tukiwasikiliza wapenzi wa santuri hii wakibishana, tunakuta makundi makubwa manne.

Kundi la kwanza linasema War Pigs ndiyo kilele, na kwamba anayeielewa ameielewa santuri yote. La pili linasema nyimbo tatu mashuhuri zimechakazwa na redio, na kwamba hazina iko katika Hand of Doom na Fairies Wear Boots. La tatu linaona Paranoid imesifiwa kupita kiasi: Planet Caravan inapooza mwendo, Rat Salad ni ya kujazia nafasi, na Master of Reality ya mwaka 1971 ni kazi iliyokamilika zaidi. La nne halijali maneno kabisa, na kwalo mapigo ya gitaa la Iommi yanatosha.

Makundi matatu ya kwanza yanafanya uhakiki wa kweli, hata kama hayajauita hivyo. Yanalinganisha, yanatoa sababu, yanarudi kusikiliza tena. Sikubaliani na la tatu kuhusu Planet Caravan, kwani utulivu wake baada ya nyimbo mbili za fujo ndio unaoipa Iron Man kishindo chake. Lakini hilo ni jambo la kubishania kwa hoja, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Kundi la nne ndilo linalonitia wasiwasi. Anayepiga kelele za furaha kwa War Pigs bila kujali wimbo unamshtaki nani anaweza kuimba wimbo huohuo akiwa njiani kwenda kumpigania mshtakiwa. Upande wa pili kuna walioyasikia maneno nusu wakadhani kundi linamwabudu Shetani. Jina la Black Sabbath lilitoka katika filamu ya kutisha ya mwaka 1963, na Shetani anayetajwa mwishoni mwa War Pigs anawangoja wafanya vita, hasifiwi na mwimbaji. Anayesikia mapigo tu na anayesikia jina la Shetani tu wamekosea kosa moja: hawakusikiliza mpaka mwisho.

Upungufu wa santuri

Mwisho huo wa War Pigs ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa santuri hii. Hukumu ya wenye hatia inaachiwa Siku ya Mwisho. Waliotumwa vitani hawafanyi lolote kwa mikono yao. Katika Iron Man aliyeonewa anageuka muuaji wa watu walewale aliotaka kuwaokoa. Santuri inauona ugonjwa kwa jicho kali, lakini dawa haioni.

Tunapaswa kuusema upungufu huo, lakini tusiudai wimbo kazi ambayo si yake. Vijana wanne wenye umri wa miaka 21 na 22 waliutaja ukweli wa hali yao bila kuupamba. Kuutafutia ukweli huo njia ni kazi ya watu wengi zaidi, na haifanyiki studioni.

Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park huko Aston, karibu kabisa na mitaa walikokulia, wanne hao walipiga pamoja kwa mara ya mwisho. Walipiga nyimbo nne, na tatu kati yake zilitoka katika santuri hii: War Pigs, Iron Man na Paranoid. Osbourne, ambaye maradhi hayakumruhusu kusimama, aliimba ameketi. Alifariki dunia tarehe 22 Julai, na maelfu ya watu walijipanga katika barabara za Birmingham kumsindikiza.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye swali letu, mashabiki waliona kweli, na waliona mapema, kwa sababu santuri ilitoka mahali walipokuwa wao. Wahakiki walikosea kwa sababu walipima ufundi bila kuuliza habari za maisha. Lakini mashabiki nao hawakuona yote, na sehemu ya mapenzi yao iligeuzwa biashara. Kazi ya mhakiki ni kukaa nao, kuwauliza wanapenda nini na kwa nini, kukubali wanapomfundisha na kubishana nao wanapokosea. Mimi sikufanya hivyo siku ile darasani. Nilitoa hukumu kwanza, nikasikiliza baadaye, na wanafunzi wangu waliondoka na kosa langu wakidhani ni elimu.